Kidevu cha Bi Mwajuma

Jumanne, Septemba 1993

Eti chunusi ni za usichana, nikizaa zitaisha. Nina watoto watatu, na huyo Bi Mwajuma wa masjala ofisini kwetu anayesema hivyo amekula pilau ya akika ya kila mmoja.

Mwezi mzima nimejipaka krimu aliyoniuzia kutoka kwenye mkoba wake. Ya Dubai, maana siku hizi kila kizuri ni cha Dubai. Uso umekuwa mweupe, chunusi zimebaki pale pale. Sasa zinaonekana tangu mlangoni. Naogopa nimeshaiharibu ngozi.

Leo daktari wa zahanati kaniambia hata watu wazima hupata chunusi. Niache mikorogo, ninawe kwa sabuni isiyo kali, nisizitumbue, nisubiri miezi miwili. Karibu nisimwamini, kwa sababu hakuniuzia kitu. Mjinga mimi.

Jioni Bi Mwajuma akafunga mlango wa masjala, akajifuta poda. Kidevu kizima chunusi, na ana wajukuu.

Nikamweleza yote ya daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea karibu.

"Haya mdogo wangu, na hiyo sabuni unaiuza bei gani?"