Kiti cha Kusikilizia

Jumatatu, 3 Machi
Amplifaya aliyoagiza daktari imekwisha — miezi minne! Baba kakaa kwenye kiti chake, kafumba macho, nikamwekea tepu ya marehemu mama akiimba. Ndivyo tulivyo: hakuna amplifaya inayotoka karakana hii kabla Baba hajaisikiliza kwa tepu hiyo na kutia sahihi ya penseli chini yake. Miaka arobaini sasa.
"Safi," kasema. Kasaini.
Spika ya kulia ilikuwa kimya! Mimi mzembe nilisahau kuchomeka valvu moja, ile taa ya kioo ya kukuza sauti, ya upande huo. Lakini Baba… Nikazima mashine.

Jumanne, 4 Machi
Valvu nimeichomeka Baba alipokwenda kunywa chai. Kimyakimya kama mwizi. Fundi mbao, anayetutengenezea makasha, kaniuliza mbona macho mekundu. Moshi wa kulehemu, nikamwambia. Kacheka: moshi wa miaka yote hiyo, leo ndio umeniona?

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwita Baba nikiwa nyuma yake. Hakugeuka. Nikaita tena, kwa nguvu. Wapi! Nimempima baba yangu kama betri. Najichukia.
Nikampigia kaka. Eti nimwambie Baba mimi kwamba hasikii, ndimi ninayeshinda naye. Nikamjibu aje mwenyewe, mdomo anao. Kakata simu. Na kweli, utamwambiaje mtu ambaye kazi yake ni masikio?

Ijumaa, 7 Machi
Daktari anakuja kesho. Baba kataka kuisikiliza mara ya mwisho. Nikawasha, nikaweka tepu. Macho kafumba, kidole kinapiga mapigo gotini. Tepu ikaisha. Kidole kikaendelea.
Nikalia pale pale. Nikajiziba mdomo asisikie — asisikie nani!
Akafumbua macho.
"Mama yako kamaliza?"
Nikaitikia kwa kichwa.
"Zamani?"
Akanitazama weee.
"Tangu mwaka jana sisikii kitu, mwanangu, nasoma midomo yenu. Nasaini tu kwa kuiamini mikono yako."
Mikono yangu! Na ile valvu je? Nikatamani ardhi inimeze.
Akafumba macho tena. "Rudisha mwanzo. Kuna mahali anacheka, katikati ya wimbo. Akifika hapo, niguse bega."
Nimerudisha. Naandika nimesimama nyuma ya kiti, daftari juu ya kasha la daktari. Baba katulia, bega kalilegeza.
Mama bado hajacheka.