Ndoo ya Udongo Mweupe

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Ibighi hatujambo. Babu yako anailalamikia mvua tu. Unauliza kama uache kuchora, kwa kuwa baba yako anasema unapoteza muda. Huyo niachie mimi.

Nilipokuwa na umri wako, Krismasi ikikaribia, mama alinipa ukuta wa mbele niupambe kwa udongo mweupe. Nikachora migomba na ndege. Kesho yake mvua ikafuta vyote. Baba akacheka, "Si nilisema?"

Mama akaniletea ndoo nyingine ya udongo. "Mvua imekuoshea ukuta, mwanangu. Anza."

Nimesoma vitabu vingi, sijakutana na hoja nzito kuliko ndoo ile.

Njoo Desemba. Ukuta wa baraza ni wako, na baba yako atakushikia ndoo.

Bibi yako