Kadzo Alidhani Ninaandikisha Msaada

Jumanne. Joto la Malindi leo halina adabu, nami sina hamu hata ya kupika.

Kazi yangu, kwa asiyejua, ni kupita nyumba hadi nyumba na tableti, nikiuliza maswali ya kupima wapi mtoto yumo katika hatari ya kudhulumiwa. Kila jibu lina alama. Alama zikizidi kiwango, jina la mama linapelekwa kwa maafisa wa watoto. Kwenye semina ilionekana kazi ya maana sana.

Wiki mbili zilizopita nilifika kwa Kadzo, kule Kakuyuni. Mwanawe Dama ana miaka minne. Nilimkuta kapakatwa na nyanyake, kasukwa nywele, mashavu tele. Nyuma ya mlango palikuwa na sufuria iliyofunikwa kwa beseni, na harufu ya mchicha wa nazi haikufunikika. Nikauliza kama mtoto hulala na njaa. Kadzo akainamisha kichwa. "Kila siku, dada." Huachwa peke yake? Huachwa, mama akienda shamba. Na nyanya mtu yuko pale pale, anatazama pembeni.

Kijiji kizima kilikuwa kikisema tumekuja kuandikisha msaada. Anayejua kulia ndiye atakayepata.

Nilijua.

Nilijua nikanyamaza, maana uvumi ule ndio ulionifungulia milango. Kabla yake nilikuwa naambiwa mama hayupo, na anayeniambia ni mama mwenyewe. Msimamizi wangu anataka nyumba nane kwa siku, haulizi za kweli ni ngapi. Basi nikabonyeza, alama zikawa nyekundu, nikatuma, nikamwachia Kadzo kipande cha sabuni tunachompa kila anayejibu.

Nyumba iliyofuata, mwenyewe ana duka na hahitaji msaada wa mtu. Mtoto wake alikuwa akijikunja kila baba alipokohoa. Baba alijibu maswali yote kwa upole kabisa, na nyumba yake ikatoka kijani.

Leo mchana Kadzo kanipigia simu. Maafisa walifika jana. Alipoona gari tu, anasema, alimvua Dama gauni zuri, akamvika lile bovu na kumpaka vumbi miguuni. Wakapiga picha. Wamesema watarudi Alhamisi kumchukua. Naye, maskini, alikuwa akinishukuru. Akauliza kama huko anakopelekwa mtoto atapewa na sare ya shule.

Nikamwambia sijui. Mwongo ni mimi, wallahi, si yeye.

Kesho asubuhi nakwenda ofisini kusema nilituma majibu niliyojua si kweli. Wakinifukuza, wanifukuze. Kutoka hapo nakwenda Kakuyuni, na safari hiyo ndiyo ninayoiogopa.

Tangu alasiri najaribu kupanga maneno. Yote yanaanza na "Kadzo, nisamehe," na yanaishia hapo.

Alhamisi ni keshokutwa.