Tanga la Pima Nne

Usenge,
16 Machi 1987

Dada mpendwa Lornah,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, Mama pia, ila goti lake linamsumbua mvua ikikaribia. Natumaini wewe na cherehani yako hamjambo.

Mashua imekwisha. Kila ufa nimeuziba na mlingoti umesimama. Limebaki tanga, nalo nataka unishonee wewe, kubwa kama lile la marehemu baba: pima nne kwenda juu, pima tatu upana. Nimepima kwa mikono yangu mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 11 Aprili mimi na mvuvi mwenzangu Opiyo tunaijaribu mbali, nyuma ya visiwa, tulale huko na kurudi Jumapili na mbuta. Mama ameshatenga chungu, maana samaki wa kwanza wa mashua mpya hauzwi, huliwa nyumbani. Tafadhali usichelewe kama ulivyochelewesha suti ya harusi yangu.

Ndugu yako,
Oketch

Kisumu,
1 Aprili 1987

Oketch ndugu yangu,

Barua nimeipata. Afya ni njema isipokuwa kichwa kinaniuma, na wewe ndiye sababu. Suti ilichelewa kwa kuwa ulikuja kupimwa siku mbili kabla ya harusi.

Mashua ambayo haijaonja maji unaipeleka nyuma ya visiwa? Ijaribuni karibu na ufuko, Mama akiwaona. Tanga la baba lilikuwa kubwa kuliko yote hapo Usenge. Watu walilisifu sana, kisha upepo mmoja ukailaza mashua naye akiwa ndani. Wewe ulikuwa na miaka sita, huna unachokumbuka. Mimi ndiye niliyetumwa kulitambua shati lake.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Tanga nimelishona kwa marekani nzito ya dukani kwa Natwarlal, mishono miwili kila upindo. Seline, yule mwuza omena, atakuletea. Mkishanikaidi, angalau niandikie mkirudi.

Dada yako,
Lornah

Usenge,
10 Aprili 1987

Dada Lornah,

Hujambo. Salamu nyingine zitafuata hasira ikipoa.

Hili ni tanga gani? Nimelipandisha mbele ya watu, likakomea katikati ya mlingoti. Ufuko mzima umecheka. Mzee Amolo ameniuliza kama mashua imevaa kaptura. Pima ni mikono ya mvuvi iliyonyooshwa, si hiyo yako mifupi ya kushonea vifungo. Pima nne zako ni tatu zangu. Jirani yetu Dalmas naye anaijaribu mashua yake mpya kesho, na tanga lake linaweza kuezeka nyumba.

Kulirudisha hakuna muda, Opiyo ana chambo tayari. Tunatoka na kitambaa hiki hiki, na tukiaibika lawama ni zako. Mama anakusalimu. Yeye hakucheka.

Ndugu yako,
Oketch

Kisumu,
21 Aprili 1987

Oketch,

Hujambo? Safari hii nauliza nikitaka jibu.

Jumamosi ile upepo uling'oa mabati hata hapa mjini. Wauza omena wanasema mashua mpya ya Usenge imezama, ila hawajui ni ya nani. Seline hajaonekana sokoni. Jana nimejidunga sindano kidoleni kama mwanafunzi. Ikiwa uko hai na umeninunia kwa ajili ya tanga, nitakuja kukutandika mbele ya mkeo na watoto. Andika mstari mmoja. Andika jina lako tu.

Dada yako,
Lornah

Usenge,
24 Aprili 1987

Dada Lornah,

Ni mimi, Oketch. Wote tu wazima. Ni kweli nilinuna, na Mama amenifokea mpaka nikashika kalamu.

Upepo ulitukuta alasiri. Dalmas alikuwa ametutangulia mbali, anatupungia mkono wa kejeli. Tanga lake likajaa, mashua ikalala ubavu mara moja. Yetu iliinama, ikasimama tena. Tuliwavuta yeye na mwenzake kutoka majini, lakini mashua yake imekwenda chini. Jumapili tukapata mbuta mmoja. Mama alimpika, akala huku analia.

Sasa usianze kujisifu. Vipimo ulikosea, na bahati si kazi ya fundi. Kila mtu anatupita, tukifika ufukoni wanunuzi wameshaondoka. Nishonee jingine, pima nne kamili, na mara hii azima mikono ya mtu mrefu.

Ndugu yako,
Oketch

Kisumu,
2 Mei 1987

Oketch ndugu yangu,

Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Nilipoona mwandiko wako nililia, kisha nikasoma mpaka mwisho nikakasirika upya.

Nimekushonea kaptura za shule, mashati, na hiyo suti usiyoisahau. Mikono yako ikinyooshwa ni inchi sabini na nne, imeandikwa kwenye daftari langu. Na mimi si mfupi kiasi hicho unachosema. Sikukosea, Oketch. Nilishika mkasi nikijua watakucheka, nikijua utanitukana, nikakata.

Marekani iliyobaki nimewashonea watoto wako mashati mawili, Seline anayaleta. Ukitaka tanga la pima nne, tafuta fundi ambaye si dada yako.

Lornah