Nafasi ya Tarumbeta ya Pili

Manika, Kolwezi
18 Machi 2024

Tata mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi sijambo, ila mafua ya vumbi la malori. Magoti yako yanaendeleaje? Shangazi Mbuyi hajambo huko Mutshatsha? Simu yako umeizima tangu Jumamosi ya usaili, basi barua hii nampa Amadi wa lori la makaa akuletee.

Uliondoka bila kula, Tata, na bila kungoja majibu. Nafasi ya tarumbeta ya pili amepewa namba nne. Wewe ulikuwa namba saba. Unajua jinsi orkesta yetu ya simfoni ilivyobadilika: zamani mlipiga kwa kujitolea, sasa kila mwanamuziki ana mkataba, na mimi ndiye ninayeisimamia. Lile pazia nililitaka mwenyewe. Mtu anapiga nyuma yake, baraza linasikia sauti tu, na hapo hatapatikana wa kusema kazi zinagawiwa kwa undugu. Wazee wenzako watano wamekosa pia. Baraza limeamua hivyo.

Washa simu.

Binti yako,
Mujinga

*

Mutshatsha, 2 Aprili 2024

Mujinga binti yangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Sisi ni wazima, mvua haijatuacha, na dada yangu ameniingiza katika mihogo yake kana kwamba nimeajiriwa. Magoti yanalalamika, lakini yananifikisha shambani.

Uamuzi nimeusikia, sibishani nao. Nina swali moja tu. Namba saba alipiga vibaya?

Nina miaka sitini na minane. Midomo ya mpiga tarumbeta huzeeka kabla yake, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Siku ya Pasaka kanisa la hapa liliniomba nipige nikakataa, maana niliogopa kuwatia watu aibu. Kama midomo imekwisha, niambie niache kuisumbua. Ninakuuliza wewe kwa sababu sikio lako nililifundisha mimi. Mambo ya baraza usiniambie.

Simu nitaiwasha nikipata la kusema.

Tata yako,
Kanyinda

*

Manika, 6 Mei 2024

Tata mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Huku tu wazima. Samahani kwa kuchelewa, kazi imenifika shingoni. Tamasha la kufungua msimu ni tarehe 15 Juni, saa kumi alasiri. Ukumbi una viti mia nne na tumepata watu themanini tu. Watu wa hapa wakisikia "orkesta" wanataka kujua nani ataimba na watacheza saa ngapi. Nimemwajiri Fifi, msichana wa matangazo. Yeye anasema watu hawafuati muziki wasioujua, wanafuata sura wanayoijua, na anatafuta hiyo sura.

Kuhusu swali lako, mambo ya usaili ni siri ya baraza. Nikikwambia wewe itabidi niwaambie wote.

Mpe Shangazi sabuni aliyonayo Amadi.

Binti yako,
Mujinga

*

Mutshatsha, 3 Juni 2024

Mujinga,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu inaonekana kuna shaka.

Jana Amadi alifika na mfuko wa mchele, kitambaa cheusi cha dada yangu, na uso wa kufiwa. Alinikuta barazani nakula karanga. Akasema: "Tata! Batu banakulilia kule Kasulo, na weye uko unakula karanga?" Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana.

Anasema picha yangu imetundikwa mwanzo wa avenyu yetu, hapo mtaani Kasulo. Sijui mmefanya nini huko, ila naikumbuka ile sura aliyokuwa akiitafuta Fifi. Lakini kama orkesta iliyonikataa bado ina kazi na uso wangu, basi nina haki ya jibu. Namba saba alipiga vibaya?

Tata yako,
Kanyinda

*

Manika, 10 Juni 2024

Tata,

Salamu. Afya yangu ni nzuri, moyo hapana.

Fifi aliipata picha yako ya zamani, ile ya fanfare, bendi ya matarumbeta ya mgodi, umevaa kofia na tarumbeta iko kifuani. Alisema hakuna mtu Kolwezi asiyeijua sura hiyo, nami nilikubali bila kukuomba ruhusa. Ilichapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe kwenye bango refu la kitambaa: picha, jina lako, tarehe, saa, mahali, na chini yake "Njooni wote". Fifi amekulia Kinshasa, lakini mimi ni wa hapa hapa. Ningepaswa kujua mtu wa Kasulo akiona bango la mzee wa namna hiyo mwanzo wa avenyu anafikiria kitu kimoja tu, msiba.

Niliporudi kutoka kazini nilikuta viti uani na Mama Tshibola jirani ameshabandika maharagwe. Wanawake walikuwa wakilia. Kabla sijafungua mdomo nilimsikia akisema: "Ku kilio ya bwana yangu, batoto bangu habakulia mpaka ule muzee alipiga tarumbeta. Njo balilia, njo balipona. Sasa juu ya nini balimukatala ku orkesta?"

Niliwaambia uko hai. Walicheka, wakanitukana, maharagwe tukayala. Lakini swali lake lilibaki, na lako pia.

Ulipiga vizuri, Tata. Ulimshinda namba nne. Wenye kura walikuwa wawili: Badibanga, kiongozi wetu wa muziki, alikutaka wewe, Valérie wa violini alimtaka namba nne. Kura zikifungana, msimamizi ndiye anayeamua. Nilikutambua kabla hujamaliza sauti ya kwanza. Niliogopa kwamba pazia likifunguka na wewe ukatoka nyuma yake, hakuna atakayeamini kwamba sikukupendelea. Nikamchagua namba nne, kisha nikajificha nyuma ya neno "baraza". Naona haya kuandika haya.

Mkataba wake umeshatiwa saini hadi mwakani. Maji yakimwagika hayazoleki. Bango nimeliondoa. Njoo tamashani, tafadhali.

Binti yako,
Mujinga

*

Mutshatsha, 17 Juni 2024

Mujinga,

Salamu za hapa. Sote wazima.

Sikuja. Jumamosi saa kumi nilikuwa kanisani hapa, nimetangulia wanakwaya, nikipiga. Nilianza kwa woga. Kufika ubeti wa pili midomo ilikuwa yangu tena.

Nimekasirika, na sitakuficha. Ungeniambia "Tata, nimekukatalia kwa ajili ya maneno ya watu," ningenuna wiki moja nikaelewa. Mimi mwenyewe nimekaa na maneno ya watu migodini miaka thelathini. Lakini uliniacha miezi mitatu nikiamini nimekwisha, na ulikuwa unajua. Hilo haliishi kwa barua moja.

Kwa namba nne usiguse kitu, kijana hana kosa. Mkataba wake ukiisha mtafanya usaili tena, nami nitakuja kuchukua namba kama wengine. Siku hiyo, mwanangu, wewe utatoka nje.

Tata yako,
Kanyinda