Siku Niliposoma Kifungu cha Nne Barazani

Somo yangu Bi. Tatu,

Shikamoo. Ile sheria imepita. Nimetaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa yeyote atakayekufuata huko.

Tangu tukuzike nimepata kazi ya ukarani katika baraza la wilaya hapa Tabora. Uoga wangu unaujua, haujaniacha. Na sheria ndogo yenyewe ilikuwa hii: mwanamke mtu mzima akitaka dawa ya kupanga uzazi, zahanati impe bila kumdai barua ya mume, maduka ya ushirika yauze pamba na vitambaa vya hedhi, wasichana wa shule wapewe bure.

Kwetu kifungu kisiposomwa kwa sauti mbele ya wajumbe hakipigiwi kura. Msomaji ni karani mkuu, Mzee Sudi. Alipofika cha nne, chenye mambo hayo, akakohoa, akanywa maji, akakohoa tena, kisha akanisukumia karatasi. "Binti, endelea. Macho yangu leo hayaoni." Macho yale yale yaliyotoka kusoma ushuru wa mnada bila miwani!

Nikasimama. Wewe ulinifunda ndani, mlango umefungwa, ukaniambia mambo haya mwanamume hayasikii kinywani mwa mwari. Na pale walijaa wanaume, baba mdogo akiwa safu ya mbele. Nikarudia mstari wa kwanza mara mbili. Mjumbe mmoja akasema, "Ruka hapo, mwanangu, twende kwenye barabara." Nilitaka kuruka, somo. Wallahi nilitaka.

Ndipo Bi. Mwamvua, mjumbe mmoja Mzaramo, mke wa fundi wa reli, akapaza sauti: "Enyi Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, ninyi neno moja tu limewashinda?"

"Mtani, subiri ufe, tutakuburuta kwa miguu mpaka makaburini!" akajibiwa, na ukumbi mzima ukacheka. Hata baba mdogo.

Katika kicheko kile nikakuona wewe. Nikiwa darasa la sita ulikuwa unatembea kila mwezi kutoka Kwihara mpaka shuleni kwangu na kikapu chako. Mwalimu akakuuliza umebeba nini. "Chakula cha mtoto," ukasema, hukupepesa. Chini ya mihogo kulikuwa na vipande vya kanga vya hedhi yangu, ile doti yako mpya ya Idi, umeichana. Wenzangu walibaki nyumbani siku hizo, mwisho wakaacha shule kabisa. Mimi nikamaliza.

Basi nikasoma. Hedhi, nikasema. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka, mpaka nukta ya mwisho. Mzee mmoja akauliza, "Na mume akikataa?" Karani hajibu maswali, ila nilijisikia nikisema, "Kifungu kinasema barua yake haihitajiki, mzee wangu." Mikono ikainuka, mingi kuliko nilivyotegemea. Baba mdogo aliinua wake mwishoni, huku anaangalia dari.

Somo, najivuna. Laiti ungekuwepo. Pamba iko duka la ushirika Isevya, imepangwa karibu na sabuni, na muuzaji anaifunga kwenye gazeti bila maneno. Mwanao Tausi alikwenda zahanati kuchukua dawa, nikamsindikiza. Kwenda alijifunika kanga mpaka puani. Kurudi alikuwa anaimba, mtoto wa tano mgongoni.

Lakini baba hajasema nami tangu siku ile. Amesikia kwa ndugu yake kwamba binti yake alitaja mambo ya ndani mbele ya watu. Na sasa nimetumwa kwetu Kwihara, Jumamosi hii, kuisoma sheria mbele ya kijiji kizima. Yeye atakuwepo, na hapatakuwa na Bi. Mwamvua wa kuniokoa.

Naogopa kuliko siku ya baraza. Nakuahidi hata hivyo: sitaruka neno, sitainamisha kichwa, na nikimaliza nitakwenda alipoketi baba nimwamkie. Akiitikia, akinyamaza, nitakuwa nimeisoma.

Pumzika, somo yangu. Mungu akulaze pema.

Mwari wako,
Mwajuma