Mwenda Wawili, Kathure Hakuna

Jumanne, 5 Novemba

Nasahihisha hesabu. Ukungu umeingia mpaka ofisini, vidole vimeganda, kalamu nyekundu inakwaruza bila kuandika. Kwetu Mbeere saa hii watu wanatafuta kivuli. Chai ya walimu imekuja baridi tena. Mkuu wa shule haachi kuuliza matokeo ya darasa la saba yatakuwa tayari lini, kana kwamba akiuliza ndiyo yatajisahihisha.

Kuna jambo la ajabu. Nina karatasi mbili zenye jina la Mwenda. Ya dada yake, Kathure, haipo. Na Kathure nilimwona kwa macho yangu, dawati la mbele, akiandika huku ulimi uko nje.

Karatasi moja ya Mwenda ni mbovu, kawaida yake. Nyingine ndiyo bora darasa zima. Mwandiko ni wa Kathure. Nimecheka. Mtoto amechoka, ameandika jina la kaka yake kwa usingizi.

Jumatano, 6 Novemba

Kiswahili pia. Sayansi pia. Mwenda wawili, Kathure hakuna.

Huo si usingizi. Nimekasirika kidogo, lakini zaidi nataka kujua. Mtoto ambaye huwa namba moja anajifuta mwenyewe kwa nini? Wizi wa mtihani nimeuona wa kila aina. Wa kujiibia, bado.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemwita Mwenda kwanza. Alizitazama karatasi, akatazama sakafu. Hakujua lolote. Namwamini, uso wake ulisema kabla ya mdomo. Kijana mkubwa, ananipita kwa kimo. Alirudia darasa la nne, dada yake akamfikia.

Kisha Kathure. Nikamuuliza kwa upole. Kimya. Nikamtisha kwa jina la mkuu. Kimya. Nikampa chai. Kimya, lakini chai alikunywa.

Nimerudi nyumbani na hasira ya mtu aliyefungiwa mlango. Nimeunguza maharagwe.

Jumatatu, 11 Novemba

Mwalimu Muriungi, mzaliwa wa hapa Laare, amenifumbua macho huku akinicheka. Miaka yote hii niko huku na sijajua? Mwenda anaingia jandoni Desemba hii, pamoja na wenzake wengi wa darasa. Akitoka huko ni mwanaume. Na mwanaume hakai darasa moja na wavulana ambao hawajatahiriwa. Wenzake wakipanda la nane na yeye akabaki la saba na watoto, hatarudi. Ataenda kuchuma miraa kama waliomtangulia.

Na mkuu wetu haruhusu mwenye alama za chini kupanda la nane. Asije akaharibu jina la shule.

Nimemwita Kathure tena, nikamwambia ninachojua. Safari hii alijibu.

"Mimi nikirudia ni kurudia tu, mwalimu. Mwenda akirudia, shule imeisha."

Alidhani nitaiona karatasi moja tu ya Mwenda, ile nzuri, na kumpandisha. Kwamba Mwenda naye angeandika jina lake, na kungekuwa na mbili, hilo halikumjia. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kuna dakika nilifikiria kufanya vile alivyotaka.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeandika majina upya, kila karatasi na mwenyewe. Nimeichukia kazi hii leo.

Nimemwomba mkuu amwachie Mwenda apande hivyo hivyo. Amekataa. Nimemwuliza shule ni ya watoto au ni ya jina. Ameniambia nifunge mlango nikitoka. Niliubamiza.

Kathure hanitazami.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda kwao. Nilitaka kujua kama jando linaweza kungoja mwaka mmoja. Baba yao alinitolea kiti chini ya miraa yake, akaniletea ndizi mbivu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, kwa heshima zote, kwamba hilo si la mwalimu, na wala si lake yeye. Kijana mwenyewe ndiye huomba. Ameshaomba. Wa kuliondoa ombi ni kijana huyo huyo, na baba tangu azaliwe hajaona kijana aliyeliondoa. Watamcheka mpaka kwenye kisima.

Mwenda alikuwa nyuma ya boma akikata nyasi za ng'ombe. Sauti ilimfikia, nina hakika. Hakugeuka.

Nimekula ndizi zote njiani. Hasira hunipa njaa.

Ijumaa, 15 Novemba

Tumefunga shule. Wazazi wamejaa uwanjani. Kathure wa kwanza. Amepokea beseni lake la zawadi bila kutabasamu. Mwenda anarudia. Alimpigia dada yake makofi hata wengine waliponyamaza, watu wakageuka kumtazama.

Sijaaga mtu. Nina hasira na mkuu, na jando, na mimi.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimeshuka sokoni Laare kununua vitu vya safari. Kesho nakwenda nyumbani Mbeere. Barabara imejaa nyimbo, vijana wanasindikizwa jandoni, vumbi mpaka magotini. Nilisimama nikawatazama mmoja mmoja. Nilitambua karibu wote, wa darasa langu. Mwenda sikumwona. Nikapita upande wa pili wa barabara, nikawatazama tena.

Alikuwa mlangoni pa duka, kwenye foleni ya watoto waliotumwa, vichwa vyao vikimfikia kifuani. Wenzake walipopita, mmoja alimtupia lile neno lao la kumwita asiyetahiriwa. Wengine wakacheka. Mwenda alitazama mbele tu.

Aliponiona alinisalimia vizuri, kama darasani.

"Mwalimu, la saba ni wewe tena?"

Nikamwambia ni mimi.

Akaitikia kwa kichwa. Zamu yake ikafika. Mwenye duka, bila kuinua macho, akamwita mtoto, akamwuliza ametumwa nini.

Chumvi, akasema.